Sarafu Thelathini na Moja

Saa sita mchana, jua la Machi utosini,
nafunga dirisha, nafunga mlango,
nalala chali sakafuni, chumba chetu cha Mishomoroni,
nihesabu matundu.
Mabati haya yana miaka kumi na minane
na kila tundu ladondosha sarafu moja ya mwanga:
moja kwenye debe la unga,
tatu mkekani,
moja juu ya paji la mama mkwe
aliyelala, hana habari kwamba ni tajiri.
Tima ashika chaki, aizungushia kila moja duara.
"Thelathini na moja, mama."
Laiti dukani zingepokewa.

Wengine hungoja wingu ndipo watafute ngazi.
Mie tundu nalitafuta kwa jua;
mvua ikikuonyesha, imekwisha kuingia.

Kibati kimeniangukia mwezi huu.
Nilimbembeleza Bi Nyevu mshika daftari
anibadilishie zamu na yule wa kabati la vyombo.
Elfu nne na mia mbili.
Mia nane na hamsini, deni la kwa Sefu,
kwani mwezi wa tano nitarudi kukopa,
na kisima utakachokinywea hukitemei mate.
Makaa sasa, yangali makavu, na muuzaji angali mpole.
Gunia moja, nusu langu, nusu la Kadzo wa chumba cha pili,
tukapimiana kwa kopo la rangi, langu, lako, langu,
na vumbi la mwisho tukalifinyanga kwa udongo na uji wa muhogo,
tukaanika uani vidonge vyeusi
ambavyo mtoto wa Kadzo alidhani ni kashata.
Akakionja kimoja.

Blanketi nililitaka. Usicheke,
wewe uliyekuja na sweta lako kutoka bara.
Mwezi wa saba upepo wa kusi ukishika usiku
kifua cha mama mkwe hulia kama bawaba isiyotiwa mafuta.
Marikiti waliniambia mia tisa, nikarudisha mkono.
Nikatoa leso mbili, zile zilizofutika maneno,
katikati nikalilaza koti la kazi, la bandarini,
la mwanawe, aliyekuwa mume wangu,
nikashona usiku tatu.
Alipapasa kitambaa, akakuta mstari wa kola.
Hakusema kitu.
Alijifunika saa nane mchana, katika joto lile lote.

Paa, basi.
Fundi Mwachiro alitaka elfu moja na mia tano:
mia nane kupanda, zilizobaki kushuka.
Nikamwambia, ningekulipia kupanda tu, ukae huko huko.
Nikavaa suruali chini ya dera, nikapanda mwenyewe
na kopo la lami la mia sita.
Tima chini, juu ya meza, na chelewa ya fagio:
achomeka tunduni, "Hapa!"
chelewa yachomoza mbele yangu kama ulimi wa mjusi,
naweka lami, naipaka, "Nyingine!"
Ishirini na mbili, lami ikaisha.
Nane kwa vipande vya mpira wa baiskeli
nilivyopewa na fundi Shee kwa mahamri kumi.
Ya thelathini na moja, chelewa ilichomoza,
ikarudi, ikachomoza tena.
Mikono yangu mitupu, vidole vyeusi.
"Iache," Tima akasema, "hiyo ndiyo saa yangu.
Ikigusa mguu wa kitanda, najua wakati wa shule umefika."

Tukaiwekea kikombe cha bati.

Usiku wa nne wa Aprili, mwaka ukaingia.
Ulianza mbali, kwenye mabati ya watu,
ukaja ukivuka nyumba moja moja, mpaka kwetu,
na sisi watatu gizani tumekaza shingo,
nanusa unga, napapasa mkeka,
mkavu, mkavu,
hata lile duara la chaki lingalipo.
Kisha: ti.
Kikombeni.
"Moja," akasema mama mkwe chini ya koti,
kwa sauti ya mtu ahesabuye zake.