A Mahali pa E

Baba yangu, Shekuwe Famau, aliandika vibao vya watu:
brashi tatu, ngazi ya kuazima,
kopo la maziwa ya unga lililojaa rangi nyeusi.
Kiingereza alikijua kwa sura tu,
kama umjuavyo jirani usiyewahi kumwamkia.

Mwaka huo Mwinyikai alifungua duka Makadara:
kalamu, madaftari, rula, bahasha za kaki.
Akataka neno moja tu la Kizungu, herufi za urefu wa dhiraa,
lionekane tangu kituo cha petroli.
Akamwandikia nyuma ya pakiti ya sigara,
na herufi ya tatu kutoka mwisho
ikaangukiwa na tone la chai.

Baba akaigeuza juani, akaigeuza kivulini.
A, au E?
Akachagua A,
kwani A husimama kwa miguu miwili
na E ni kitana kilichong'oka meno.

Siku tatu watu walipita, wakasoma, wakaingia, wakanunua.
Ya nne akapita mwalimu Mkamburi,
akacheka hata akashika ukuta.
"Kwa E ni makaratasi, mzee. Kwa A
ni kitu kilichosimama papo hapo,
kama lori lililokatika ekseli.
Umeandika duka lisilokwenda!"
"Kwani ulitaka duka liende wapi?" baba akamuuliza.

Mwinyikai hakucheka. Alilipa nusu.

Usiku ule, akisafisha brashi kwa mafuta ya taa, baba akaniita.
"Herufi moya tu, mwanangu. Wao wameyatenga kwa jicho,
sikio halina habari. Sisi tumeyatenga kwa sikio.
Haya, sogea karibu na koroboi. Sema kaa la moto."
Nikasema.
"Sema kaa wa ufuoni."
Nikasema, pumzi ikanitoka na neno,
utambi ukainama.
"Waona? Utambi wayua. Karatasi haiyui."
Tukaendelea: paa la nyumba, paa wa mwituni,
tembo la mgema, tembo wa Tsavo,
hata mama akauliza kutoka jikoni
ni nani anayetaka kutuzimia taa.

Asubuhi alirudi na ngazi.
Akaizika A kwa rangi nyeupe, akaichora E juu ya kaburi lake.
Nusu iliyobaki hakuiona.

Mimi leo naandika barua za meli,
afisi ya ghorofa ya pili, Kilindini, feni moja watu sita.
Mwezi uliopita niliwaarifu wenye mzigo, Karachi,
kuwa meli yao imengoja kuzaliwa siku tano.
Nilikusudia gati.
I mahali pa E.
Wakajibu kwa adabu: mama na mtoto hawajambo?

Nikacheka, kisha nikatafuta wa kumsimulia.
Baba hayupo tangu Mfungo Pili.
Ningemwambia na ile niliyoiona kwenye orodha ya hoteli moja ya Nyali,
kwamba S moja ni jangwa,
ukitia S ya pili waletewa halua.
Angeuliza halua yenyewe ya wapi,
na kama ina iliki.

Jumamosi nilipita Makadara, mvua imeshika.
Mwinyikai alifunga zamani, watoto wake wako Maskati.
Kibao hakuna aliyekijali.
Masika yameibandua rangi ya juu,
E imebaki jino moja,
na chini yake A imetoka, nyeusi, miguu miwili,
mkono wa baba haukutetemeka hata pale penye kona.
Mlangoni kufuli lenye kutu.
Haingii mtu, haitoki kalamu.

Kwa hiyo sasa neno ni sahihi.
Nikalisoma kwa sauti chini ya mwavuli,
mara moja, kisha tena polepole,
na sikio langu, kama alivyosema,
halikuwa na habari.