Jasho la Chuma

Novemba, mjini Bethesda, kaskazini mwa Wales,
mvua hainyeshi: inakaa.
Imekalia kilima cha kifusi cha machimbo,
imekalia kanisa, kondoo, na bati la karakana
iliyo nyuma ya nyumba ya Heulwen Prydderch,
ambamo kerezo lake la mnada
(machimbo yalipofungwa, mitambo iliuzwa kwa uzito)
limeamka na kutu.

Kutu changa, rangi ya chai ya maziwa,
imetandaa kwenye reli alizozisugua Jumapili
kwa oili na msasa laini
mpaka zikamwonyesha pua yake.
Leo ni Alhamisi.

"Paa linavuja," akasema.
Hapakuwa na wa kumbishia.

Akapanda ngazi, na miaka yake sitini na minane,
kopo la lami mfukoni mwa aproni,
akapaka kichwa cha kila msumari.
Maji ni laghai, baba yake alimfundisha:
yanapodondokea sipo yalipoingilia.
Hunyata juu ya boriti kama mwizi anayeijua nyumba,
hungoja penye fundo la mbao,
kisha ndo,
ndo, juu ya taya za kerezo.
Akayafuata kwa tochi, akayafuata kwa chaki,
kila doa akaliandikia tarehe:
doa la tarehe nane, doa la tarehe tisa,
doa ambalo kumbe lilikuwa buibui.

Akamgongea Idwal, jirani wa ukuta mmoja:
mchirizi wako unatapika kwangu.
Idwal akaja na ngazi, na kinyongo
cha ule uzio wa mwaka juzi,
akachokoa majani, mpira wa tenisi, kiota kitupu.
Mchirizi ukanyamaza.
Karakana haikunyamaza.

Basi akaziba.
Silikoni dirishani, matambara chini ya mlango,
povu kwenye tundu la juu ambalo panya na upepo
walikuwa wakipokezana.
Na kwa kuwa chuma hutaka joto,
akawasha jiko la mafuta ya taa
likeshe na mashine.
Yeye akaenda kulala, moyo mweupe.

Alfajiri alipobonyeza taa, kila kitu kilikuwa kinalia.
Bati, upande wa ndani.
Spana ukutani, kila moja na tone lake mdomoni.
Kerezo lote, tangu kichwa hadi mkia, linatoka jasho
kama mtu mwenye homa.
Na nje? Nje kukavu. Nyota hazijaondoka,
baridi imekausha hata tope la njiani.

Akakaa juu ya ndoo.
Akapitisha kidole kwenye reli, akakionja
kama aonjaye mchuzi.
Hakina lami. Hakina ladha ya paa.
Maji matupu, maji ya humu humu.
Akaligeukia jiko: lita mbili limekunywa usiku huu,
na lita mbili zimekwenda wapi?
Hata moto hupumua.
Pumzi ikapanda, ikatafuta mlango, ikakosa,
ikakutana na bati la baridi
ikarudi chini ikiwa maji.

Ufa aliouziba ndio uliojenga ukuta.

Alicheka mpaka akakohoa.
Kisha akalipangusa kerezo kwa fulana kuukuu,
kipande kwa kipande, kama mtoto aliyetoka kuoga,
akapaka oili, akalifunika blanketi,
akaweka balbu ndogo chini ya tumbo lake, iwake daima.
Jiko akalitoa nje.

Mchana akamwita Idwal aje na keekee.
Wakatoboa ukuta mara mbili, chini huku, juu kule,
wakatia wavu wa kuzuia panya.
Upepo ukaingia bila kubisha hodi,
ukapita katikati yao, ukatoka.

Idwal akafuta vumbi kwenye nyusi.
"Kwa hiyo haukuwa mchirizi wangu."

Heulwen alikuwa ameinama, anatia grisi gia,
tone moja, gia moja, bila haraka.
"Ulikuwa mchafu vilevile," akasema.