Mnara Usiokuwepo

Katika uwanja wa San Felipe, Saragosa,
ameketi chini mvulana wa shaba,
shingo kaikunja nyuma,
anatazama juu.
Wapitao humfuata kwa macho, nao hutazama juu,
na juu hapana kitu:
mbayuwayu wawili, waya, kipande cha anga.

Bibi yangu Engracia humpangusa vumbi la utosini
kwa ncha ya aproni, kila atokapo sokoni.
"Huyu peke yake ndiye mwenye akili mjini," husema.
"Ninyi wengine mnaamini macho."

Hapo palisimama mnara
karibu miaka mia nne,
wa matofali, wenye saa, ulioinama
kama mtu anayetega sikio la umbeya wa jirani.
Uliinama tangu uchanga wake. Waliojenga
waliona, wakakuna vichwa,
wakaendelea kupandisha tofali juu ya tofali.
Wafaransa walipouzingira mji
kengele yake ilihesabu mizinga, usiku na mchana,
nyumba zikalala, makanisa yakalala,
watu wakalala wasiamke.
Mnara ulibaki umeinama vilevile.

Kisha wakaja mabwana wa baraza, na kalamu.
Ufa huzibwa, ama ukuta hujengwa:
wao wakachagua la tatu.
Walibomoa kutoka kileleni, polepole,
na kabla hawajaanza waliwauzia watu tiketi
wapande mara ya mwisho.

Babu wa bibi, Braulio, mwashi,
alilipwa kwa siku kuubomoa.
Jioni alinunua, kwa ujira uleule, matofali arobaini,
akavuka nayo Daraja la Mawe kwa mkokoteni
huku upepo wa cierzo ukimpiga kofi za usoni,
akajenga ukuta wa jiko, ng'ambo, mtaa wa Arrabal.

Nimekulia kwenye ukuta ule.
Bibi ametundika upawa kwenye msumari:
upawa umening'inia wima,
ukuta ndio umeinama.

Mji huu hautupi kitu, ila ule mnara.
Jina la Kaisari ulilitafuna, likawa Sarakusta,
ukalitafuna tena, likawa hili tunalopigia simu.
Kasri ya Aljaferia bado imembeba Jafari tumboni,
na wabunge huingia humo na mikoba yao.
Kanisa limekalia msikiti, msikiti ulikalia kanisa,
chini kabisa kuna soko la Warumi
na mfereji uliokuwa ukipeleka uchafu wao mtoni.
Hata mabomu mawili yaliyoanguka Pilar yakakataa kulipuka
yameangikwa ukutani, mji umeyatunza,
na wajane huwasha mishumaa chini yake.

Mto Ebro haujengi kitu.
Unapita na matope yake, rangi ya chai ya maziwa,
na mwaka ukikasirika huingia Arrabal bila hodi.
Mwaka ule uliingia hadi jikoni.
Ulipotoka, uliacha mstari kwenye plasta
na barua ya manispaa mlangoni:
nyumba ina ufa, ni hatari kwa umma,
itabomolewa.

Bibi aliisoma mara mbili, miwani puani.
Hakulia. Alicheka, tena kicheko kibaya,
akasema, "Wajukuu wa wale wale,"
akaniagiza tindo.

Usiku nilivuka daraja na tofali moja kwenye mfuko wa mkate.
Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani, na bado lina masizi.
Nikaliweka chini, mbele ya mvulana,
mahali pale pale, kwa kukisia.
Nikakaa naye kidogo. Kulikuwa na baridi.

Asubuhi wafagizi walikuwa wamekwisha kulizoa.

Si kitu.
Yamebaki thelathini na tisa.