Hazijui Mtu

Miaka tisa nimejaza hamsini na tano.
Nyuma hamsini na tano, mbele arobaini,
Majengo bado giza,
mimi nimeshachutama, geji mkononi,
valvu ikinizomea.
Mkungu wa mshare haulalamiki.
Mikungu mia moja na ishirini hailalamiki.

Mwaka ule wa bei nzuri nikaiongezea springi
bamba la nne, kisha la tano.
Fundi Anaeli, kando ya reli,
alipiga nyundo mpaka taa zikawashwa, akasema:
"Sasa hata ukipakia kanisa na kengele yake,
gari halikai chini."
Nikalipa. Nikajisifu wiki nzima.

Leo mzigo ni mama.
Kilo arobaini na mbili kwa mizani ya wodini,
nyonga imetiwa chuma kipya,
na daktari kaniambia huku anaandika:
asitikiswe.

Asitikiswe!
Na barabara ya Uru baada ya masika
ni meno ya bibi kizee: hapa lipo, hapa halipo.

Jana niliijaribu tupu.
Lami ilipoisha tu, pikapu ikaanza kuruka
kama mbuzi aliyekata kamba,
kiuno changu kikajua kila kokoto kwa jina.
Nikageuza.

"Punguza upepo," akasema Anaeli.
Akabonyeza valvu kwa njiti ya kiberiti,
tairi likashusha pumzi ndefu,
likatandaza tumbo ardhini
kama mtu aliyerudi kuzika, akavua viatu.
Arobaini. Thelathini na tano.
Ishirini na sita.
"Hapo linalimeza kokoto, haliligongi.
Lakini usikimbie. Tairi laini likikimbizwa
linachemka, halafu linakuaga."

Akajisukuma chini ya gari. Sauti ikatokea huko:
"Shokomzoba zako zilishakufa, ndugu yangu.
Hii imelia mafuta yote. Hii ni bomba tu."
Akatoka, viganja vyeusi.
"Na hizi springi, ulizifundisha mzigo.
Hazijui mtu."

Shokomzoba mpya, nne, ndiyo pesa ya mbolea.
Bamba la tano likatoka.
La nne likagoma, boliti imekuwa kutu tupu,
na saa tano usiku, na mama anatoka asubuhi.
Anaeli akakuna kidevu, akacheka peke yake:
"Basi idanganye. Ipe uzito."

Ndivyo tulivyopanda Uru:
magunia manane ya pumba nyuma,
na kwa ajili ya pumba, nyuma upepo thelathini na mbili,
mama mbele, mto wa sufi ubavuni,
mimi mwendo wa harusi.
Springi zimeinama. Zimetii.
Zinalipokea shimo, zinalifikiria,
zinalirudisha polepole.

Pale mfereji unapokatiza njia
nilikaza taya, nikamtazama.
Yeye alikuwa anatazama mashamba ya watu.
"Migomba ya Ndekirwa imelala," akasema.
Shimo likapita. Hakulijua.

Karibu na kanisani akaweka kiganja kwenye dashibodi.
"Gari hili ndilo lile la ndizi?"
Ndilo.
"Kumbe."
Halafu, baada ya kona mbili:
"Maana ndizi zangu zilikuwa zinafika Kiboriloni nyeusi,
ukasema ni wachuuzi wanazibonyezabonyeza."

Nikabadili gea.
Haikuwa na haja ya kubadilishwa.

Usiku huu analala.
Pumba nimemwachia jirani kwa hasara.
Kesho ni siku ya soko, mikungu imeshakatwa,
imepangwa barazani, imefunikwa majani.
Geji iko mfukoni.
Mia moja na ishirini, hailalamiki,
na mimi, baada ya miaka tisa,
sijui nijaze ngapi.