Fungu

Miaka ishirini na sita nilipima kwa macho.
Karoti sita, ya saba ndogo juu yake: fungu.
Nyanya nne chini, moja kileleni: fungu.
Bei senti hamsini, uwe na haraka au huna,
na lori la Dili likipita bila kusimama
nililisindikiza kwa jicho, nikafukuza nzi.
"Ndilo fungu lako hilo," alisema Bonifasio,
mume wangu, akimkanda jogoo wake paja,
nami sikujua anasema karoti au maisha.

Kisha akaja Zulmira kutoka Aileu,
pikipiki yake imevaa matope hadi masikio,
mizani kaibeba mgongoni kama mtoto.
Hakuhubiri. Aliomba maji, akanywa,
akaitundika kwenye boriti ya banda la farasi,
akasema, "Mama Olandina, lete fungu moja."

Kilo moja na gramu mia mbili.
Nikasema, rudia. Mizani haikubadili neno.
Kule mjini, kwenye duka la vioo,
wangenipa dola moja na robo kwa kilo.
Nilikaa juu ya kreti. Sikulia.
Nilianza kuhesabu kurudi nyuma, nikaishia mwaka wa tano:
kuna hesabu ni kidonda, ukiikuna inachuruzika.

Tukajenga nyumba ya mianzi na nailoni,
tukapanda kwa zamu: wiki hii letusi za Natalisia,
wiki ijayo zangu, ya tatu za Abrau mwenye kikohozi,
ili duka lisivimbiwe leo likafa njaa kesho.
Jembe tulilizoea.
Kumngoja jirani apande kwanza, hilo ndilo lililotutoa jasho.

Jumanne ya kwanza walirudisha kreti tatu kati ya tisa.
Jani lina tundu. Tundu la punje ya mtama!
Abrau alitukana kwa Kimambai, matusi ya babu yake,
na Zulmira akaandika daftarini: maoni ya mkulima.
Tulikula letusi siku nne.
Hata jogoo alizikinai.

Februari, mlima ukashuka barabarani.
Lori letu huku, Dili kule,
katikati udongo mwekundu, bado unatembea.
Saa kumi alfajiri, na letusi hazijui kusubiri.
Zulmira alishika simu isiyo na mtandao,
akaigeuza huku na huku kama mtu anayetafuta mlango.
Ndipo nikamwona Bonifasio. Alimweka jogoo chini,
akajifunga kitambaa kichwani, akatandika farasi,
wala hakusema kitu, yeye ambaye husema.

Safari kumi na moja, kreti mbili mbili,
farasi akijaribu kila hatua kwa kwato kabla ya kuiamini,
sisi nyuma, matope magotini,
hadi kwenye lori la ng'ambo, la mtu tusiyemjua,
aliyetaka kreti moja kuwa nauli.
Tukampa. Ile yenye matundu.

Risiti ilifika kona imelowa:
kilo themanini na nne,
na jina langu, limekosewa herufi mbili.
Bonifasio aliisoma, akairudia,
akaibandika ukutani, chini kidogo ya Mtakatifu Antonio.
Usiku nilimsikia bandani, anampima jogoo.
Kilo mbili na nusu.
"Kumbe," alisema. Basi.

Siku hizi napima kila kitu.
Nimempima mjukuu, akicheka, miguu hewani.
Nimelipima jiwe linalozuia mlango.
Wanaokuja barabarani kuomba fungu
nawaonyesha boriti, wananuna, wanalipa.

Lakini jana jioni Natalisia alipita,
mwanawe ana homa, zamu yake imeliwa na mvua.
Aliuliza karoti, mkono mfukoni,
mkono usiotoka mfukoni.
Sikuitazama boriti.
Sita chini, ya saba ndogo juu yake.
Vidole vilikumbuka.
Ya nane iliteleza yenyewe.