Uzi Mwekundu

Katika nyumba ya chama cha wafuga nyuki,
chini ya milima ya Karavanke,
daftari la maswali limefungwa mezani kwa mnyororo
kama mbuzi mwizi.
Aliyekwama huandika. Anayejua hujibu.
Asiyejua hujibu pia, tena kwa herufi kubwa.

Lipo daftari la pili, la maana za maneno.
Zalka alilianza mwaka aliostaafu posta:
sega, chavua, gundi ya nyuki, dume na uvivu wake.
Lilikaa kabatini, safi, halisomwi.
Mgeni huuliza neno moja
akajibiwa kwa mapya manne,
akaondoka na kofia mkononi,
deni limelipwa kwa deni.

Basi Zalka akafumua sweta ya marehemu mumewe.
Chini ya kila neno gumu akatoboa tundu kwa sindano,
akapitisha uzi mwekundu,
ncha ya pili akaigandisha kwa nta
kwenye ukurasa wa maana.
Vuta, utafika.
Huna haja ya kumuuliza mtu, wala ya kuona haya.

Drejc aling'aka: "Mnawadekeza!
Sisi tulifunzwa na miiba."
"Miaka thelathini nimebeba barua," Zalka akamjibu,
"isiyo na anwani ni karatasi tu."

Novemba, mizinga imefunikwa majani makavu,
likaja swali kwa penseli, bila jina:
*Mzinga usio na mama hufanya nini?*

Huku malkia wa nyuki huitwa mama.
Lakini ile "m" iliyopinda mguu
kila mtu aliijua: ni ya binti wa Jurij,
yule waliyemzikia mama yake Septemba.

Watu watatu walishika kalamu
wakairudisha.
Mmoja alisema anakwenda kutazama kuni.

Zalka hakuandika kitu.
Alitunga uzi,
akaufunga penye neno *kuunganisha*:

Mzinga usio na mama hulia. Weka sikio, utausikia.
Usiulazimishe siku hiyohiyo.
Uweke juu ya mzinga wenye mama,
gazeti katikati.
Wataitafuna karatasi, hawa kwa juu, wale kwa chini,
polepole,
mpaka harufu iwe moja.

Jumatano uzi ulikuwa umelegea;
mtu ameuvuta.
Chini ya ukurasa, penseli tena:
*Gazeti la siku gani?*

Na Drejc, mzee wa miiba,
akavaa miwani, akaivua, akaivaa,
akaandika kwa herufi ndogo
ambazo hatukujua kuwa anazo:
*Lolote. La jana ni laini zaidi.
Njoo Jumamosi.
Karatasi ninayo.*