Vidole Vitatu

Alfajiri, bila kuwasha taa,
nilitokea mlango wa nyuma, kapu kwapani,
maana jirani yangu Zigmas halali msimu huu.
Akisikia kitasa cha lango langu
huvaa mabuti ya mpira, anifuate kwa umbali wa kikohozi.
Nikazungukia njia ya reli, nikampoteza.
Kwetu Lithuania mahali pa uyoga
hapatajwi hata kitandani.

Ukungu ulikuwa umeilalia misonobari.
Miti ya gome jeupe ilipukutisha majani
moja, kisha moja,
kama mtu anayehesabu noti asizotaka kulipa.
Ule mwekundu wa madoadoa niliupita.
Niliupita na ule wa kijani hafifu, umesimama kimya ndani ya ala yake;
huo haubishani na mtu, unamzika.

Mama alituleta hapa mara moja tu,
mimi na Stasė, mwaka wa mvua nyingi.
Kata, alisema, using'oe.
Kisha rudisha kuvumwani, kandamiza kwa vidole vitatu
kama unavyomfunika mtoto asiyelala vizuri.

Tangu nyumba iuzwe hatujasemezana. Miaka tisa.
Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.
Jembe liliuzwa pamoja na nyumba.

Nikafika, nikapapasa chini:
vikonyo saba, mkato bado mbichi.
Nikatukana kwa sauti. Nikamtaja Zigmas na ukoo wake wote.
Ndipo nikaona, pale nilipokuwa sijagusa,
kuvumwani imerudishwa,
na juu yake vishimo vitatu vidogo.

Mmoja ulikuwa umeachwa, nyuma ya kisiki:
kofia ya kahawia, pana kama kisahani,
mguu mnene kama wa mtoto mchanga.
Nikapiga magoti na mawazo makubwa makubwa.
Ameniachia. Kumbe ananikumbuka.
Nikaukata.
Ndani, mabuu tele kama wali.

Nikacheka peke yangu hadi kunguru wakaruka.
Stasė huyohuyo!
Lini alimwachia mtu kitu kizima?

Chini ya sindano za msonobari palikuwa na kichanga,
hakijazidi kidole gumba.
Sijui kama hakukiona.
Nami nikakiacha. Nikakifunika,
vidole vitatu, kando ya vyake.
Vyangu vimenenepa. Vyake bado vyembamba.

Langoni, Zigmas na mabuti yake yenye matope.
Umepata?
Minyoo, nikamwambia,
na sikusema uongo.